Hayrat Hakuanguka, Aliangushwa

Mahabibo, Majunga
Jumapili, 24 Mei 1964

Mpendwa kaka yangu Tadjiddine,

Assalaam alaykum. Hujambo wewe na wote wa nyumbani Marodoka? Wifi Charifa anaendeleaje na kifua chake? Na mwanenu mdogo Athoumani, ile homa yake imeondoka? Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mwenyezi Mungu. Mvua zimekatika, vumbi limeanza, na Mahabibo nzima inakohoa.

Haya, salamu nimezitoa zote. Nimezitoa kwa kuwa marehemu baba alitufunza hivyo, wala usidhani moyo wangu umetulia.

Barua yako niliipata baada ya Iddi Kubwa. Niliikalia kimya makusudi, nikingoja hasira zipoe. Hazikupoa. Kila nikichoma sindano kwenye kofia ninayoidarizi nakumbuka maneno yako, na juzi nimeharibu kofia ya bwana harusi wa watu kwa sababu yako. Kwa hiyo nakuandikia hivi hivi, moto moto, na kwa Kiswahili chetu cha chuo cha Kurani, ili watoto wakiiona karatasi hii mezani wasiweze kuisoma. Wao siku hizi ni Kifaransa na Kisakalava tu.

Umeniandikia kwamba Hayrat aliumia kwa sababu ya michezo ya kizungu. Umesema mwanao Maoulida alifanya adabu kuondoa mikono yake. Ukamalizia kwa kuniamuru nimtoe binti yangu shule, nimpakie melini aje kwako. Barua ndefu namna ile, kaka, na humo ndani hukuuliza kama bado anaumwa.

Naona umeandika bila kujua, basi nikueleze. Mwalimu wao, Bwana Elamine, ambaye wao humwita Msyu kwa Kifaransa, si mzungu. Ni mtoto wa hapa hapa Mahabibo, wazee wake walitoka Ngazidja kama wetu. Alikwenda Ufaransa akasomea uigizaji, na tulipopata uhuru akarudi, akapewa kazi katika shule ya sekondari wanayosoma watoto wetu. Alhamisi, siku yao ya mapumziko, na Jumamosi alasiri, wanafunzi wanaotaka hukutana ukumbini, naye huwafundisha kuigiza kwa mwili mtupu, bila kusema neno. Shuleni mwao mna Wasakalava, Wahindi, watu wa milimani na watoto wetu, na kila mmoja anaucheka ulimi wa mwenzake. Ukumbini hakuna wa kumcheka, maana hakuna anayesema.

Mchezo wenyewe ni wa kimbunga. Wengine huwa upepo, wengine huwa mabati yanayong'oka, wengine mlango unaopigapiga usiku kucha. Hayrat ndiye mtu aliyebaki juu ya paa. Mwishoni paa linamshinda, anajiachia kinyumenyume, na majirani walionuniana tangu mwanzo wa mchezo wanakimbia pamoja kumdaka.

Mwanzoni hata mimi nilipiga kelele. Binti mkubwa aangukie mikono ya wavulana! Nilijitanda shiromani yangu, nikaenda mpaka ukumbini, nikakaa kwenye benchi nimekunja uso ili mwalimu auone. Lakini nikaona wanavyofanya. Wanasimama mistari miwili wakitazamana, wasichana katikati, wavulana kwenye mabega na miguuni, na wanampokea taratibu kama mgonjwa anayehamishwa kitanda. Hakuna mzaha pale. Nilipomwona Maoulida amesimama upande wa mabega nikazidi kuridhika, nikasema moyoni, huyu ni damu yetu, hatamwacha.

Na kweli hakumwacha. Tangu walipoanza mpaka Pasaka alimdaka kila mara, na wakirudi hapa nyumbani kwangu wanagombania ukoko wa wali kama ilivyo kawaida yao.

Kisha akaja kwako likizo ya Pasaka. Aliyerudi alikuwa mtu mwingine. Hamtazami Hayrat usoni, anakula peke yake barazani, ukimuuliza anasema kichwa kinamgonga. Mimi nikadhani ni malaria, nikamchemshia mchaichai. Mjinga mimi.

Alhamisi ya kwanza baada ya likizo, Hayrat alipanda juu ya meza, akawapa mgongo, akajiachia. Maoulida alinyoosha mikono kama siku zote. Halafu binti alipokuwa anakuja, akairudisha. Mwenzake wa upande wa pili hakuweza kuubeba ule uzito peke yake, na Hayrat akapiga bega sakafuni. Mfupa wa mtulinga ukavunjika. Iddi Kubwa ameila mkono umefungwa shingoni, namkatia nyama vipande vidogo namlisha, na yeye anaona haya mbele ya wageni.

Nilimwendea Msyu Elamine shuleni, nikamvua nguo kwa maneno mbele ya walimu wenziwe. Nilimwambia kama hajui kulinda watoto wa watu akauze mihogo. Alinisikiliza mpaka nikachoka. Hakujitetea. Alisema kosa ni lake, alipaswa kuona kwamba yule kijana amebadilika, na hakupaswa kumweka mstarini siku ile. Mwalimu wa kupewa na serikali amesema kosa ni lake, na kaka yangu wa tumbo moja hajasema.

Kisha nikamgeukia mwanao. Nilimwambia afunge sanduku lake arudi kwa baba yake, maana nyumba yangu haimlei mtu anayemwacha ndugu yake avunjike. Akapiga magoti mlangoni pa jikoni, akalia mpaka kamasi zikamtoka. "Shangazi," akasema, "baba kaniambia Hayrat ni mke wangu, mmeshakubaliana. Kaniambia tangu sasa nikimgusa mbele za watu nitakuwa nimemvunjia heshima yake. Nilipomwona anakuja, nikashikwa na haya."

Tumeshakubaliana na nani, Tadjiddine?

Umekaa kwenye baraza lako la Marodoka, umekunywa kahawa yako, ukamchumbia binti yangu kwa mwanao, na mimi mama mtu sina habari. Binti mwenyewe hana habari. Katika dunia nzima aliyepewa habari ni yule mmoja ambaye mikono yake ilikuwa ya kumdaka! Ukamjaza haya kijana wa watu, ukampandisha melini, ukamrudisha kwangu na siri kifuani. Unaniandikia kwamba Hayrat alianguka. Hayrat hakuanguka, aliangushwa, na aliyemwangusha hakuwepo ukumbini.

Najua utasema wewe ni mjomba, na kwetu mjomba ndiye mwenye neno. Nani amekukatalia? Tangu mume wangu Hamidou atangulie mbele ya haki, neno hilo nimekuachia bila kinyongo. Kabla sijamwandikisha Hayrat sekondari nilikuuliza kwanza, ukasema aendelee, nami nikakubusu mkono. Lakini kuwa na neno si ruhusa ya kunizunguka. Neno husemwa mbele ya watu, nami nikiwa nimekaa pale nasikia.

Umenitajia dini pia. Kaka, mimi na wewe tulikaa mkeka mmoja chuoni, na fimbo za mwalimu ulizila wewe zaidi yangu, usinisahaulishe. Sijasoma popote kwamba mtu anayeporomoka aachwe kwanza apasuke, ndipo tuulizane ni maharimu wa nani. Na hiyo ndoa ya msichana asiyeulizwa wewe umeisoma wapi? Nionyeshe, maana yawezekana nililala siku hiyo.

Wala usinitishe na maneno ya watu. Watu wa Mahabibo husema hata paka akizaa. Wiki ya kwanza walisema mwanangu amepandwa na jini. Wiki ya pili walisema ameadhibiwa kwa kucheza bila buibui. Sasa kuna mke wa mtu aliyehama nyumba kwa hasira mtaa wa pili, na sisi tumesahauliwa kabisa.

Hata hivyo nilitafuta njia ya katikati, usinione kichwa kigumu tu. Nilimpelekea mwalimu shuka zito, nikamwambia wavulana washike pembe zake na binti aangukie shuka, kila mtu abaki na heshima yake. Mwalimu akakubali papo hapo. Aliyekataa ni Hayrat. Aliniambia, "Mama, shuka litanidaka, sawa. Lakini Maoulida naishi naye nyumba moja. Nitaishije na mtu nisiyejua kama angenidaka?" Shuka nikalirudisha nyumbani.

Jana nilikwenda ukumbini tena. Daktari amekwisha kumfungua kitambaa, na bega limeunga, ingawa pameota kinundu ambacho hakitaondoka. Mwalimu alimkatalia meza, akampa benchi fupi tu, na wakabishana kwa ishara mpaka binti akashindwa. Maoulida alikuwa ameegemea ukuta. Tangu siku ile hakuna aliyemtaka mstarini, na yeye mwenyewe hakujitaka. Hayrat alipanda benchi, akageuka, akamwita kwa jina. Ukumbini husikii sauti ya mtu, kwa hiyo kila mmoja alimsikia.

"Njoo," akamwambia. "Mimi si mke wa mtu."

Akaja. Uso umemwiva kwa aibu. Akasimama mahali pake pa zamani, upande wa bega lile lile. Hayrat akampa mgongo. Nilitaka kufumba macho nikajikaza, maana nilijua nitakuandikia na nilitaka nikuandikie nililoliona. Binti akajiachia. Mwanao alimdaka kwa mikono yote miwili, kaka, akamshika imara mpaka nyayo zilipogusa chini. Kisha akakaa sakafuni akalia kama mtoto, vijana wa Kisakalava wakamcheka, na yeye akaanza kucheka pamoja nao. Mimi nililia vilevile, lakini mimi sikucheka.

Basi majibu yangu ndiyo haya. Hayrat hatoki shule. Uchumba huo haupo, na haukuwahi kuwapo. Mimi nimeukataa, binti ameukataa, na Maoulida ameniomba nikwambie, kwa kuwa yeye anakuogopa, kwamba anataka kusoma kwanza. Sanduku lake amelifungua. Ataendelea kukaa kwangu na kula kwangu, na hilo halina masimango.

Tarehe 26 Juni, Sikukuu ya Uhuru, watoto watakuja kuuonyesha mchezo wao huko kwenu Nosy Be, mjini Hell-Ville. Nitafuatana nao melini, na tutafikia kwako, kwa sababu nimekasirika lakini sina kaka mwingine. Mwambie wifi asihangaike na vyakula vya karamu. Na wewe utakuja kutazama. Usiniambie una wachumaji wa mlangilangi wa kuwasimamia. Siku hiyo hata maua yanapumzika.

Limebaki moja, ndilo linaloniuma kuliko yote. Maoulida aliona haya kumshika kwa sababu si maharimu wake. Haya, nimemwelewa, ni kijana. Lakini wewe ni ndugu wa mama yake. Baba yake yuko kaburini. Katika wanaume wote wa Majunga na Nosy Be, aliye halali kumshika binti huyu bila haya na bila swali la mtu ni wewe. Alipovunjika mfupa nilikutazamia wewe. Kila meli iliyotia nanga kutoka huko niliulizia kama kuna mtu amebeba neno lako kwa ajili yake, hata ndizi, hata chupa ya mafuta ya kumchua. Zikaja amri.

Nisalimie wifi Charifa, na umwambie kofia ya Athoumani naidarizi kwa mkono wangu mwenyewe na hii sitaiharibu. Nisalimie majirani wote wa Marodoka wanaoniulizia. Maoulida anakuamkia kwa heshima na anakuomba radhi. Mwenyezi Mungu akupe afya na umri, akulainishie moyo kabla ya mwezi wa sita, na atukutanishe kwa heri.

Hayrat hajakutumia salamu. Nilimuuliza mara tatu kabla sijaifunga barua hii. Anasema anangoja kwanza umpe pole.

Dada yako akupendaye, meno yakiwa yameumana,

Echata