Mama na Sinema Isiyo na Sauti

Mawaleh, Alkhamisi, 1998

Na mimi nilivyomgombeza fundi wa dishi! Nimempigia simu, nimemwambia televisheni haina sauti, aje leo leo. Fundi mwenyewe, Mkenya, kaja, katazama, kacheka. "Dada, filamu yenyewe ndiyo haina sauti. Ni ya Kimarekani, ya zamani, wameandika imetoka kwenye riwaya." Aibu niliyoipata!

Nikataka kuizima. Mama akasema, "Iwache."

Tangu atoke eda ya Baba, Mama hasemi ila kuitikia salamu. Nna khofu naye, sijamwambia mtu.

Leo kasema. Kizungu hajui, basi kila aliyefungua mdomo kwenye sinema, Mama akamsemea. Mjane wa kwenye sinema aliposimama mlangoni analia, Mama akasema, "Anawambia hendi popote. Anakaa na wanawe."

Maandishi ya Kizungu kwenye kioo yalisema anaondoka alfajiri. Kaka yangu Salim akataka kumsahihisha, nikamfinya.

Alhamdulillahi. Na chai kanywa, kikombe kizima. Kisha akaniuliza kama kesho ipo nyengine. Nikamwambia ipo.

Asubuhi itabidi nimpigie tena yule fundi, nimuulize kwa adabu, sinema zisizo na sauti zinapatikana wapi.