Nilimpa Mtega Bomu Jina la Mwenzangu

Mama Yustina, shikamoo. Nisaidie mama yangu, maana tangu Jumapili mlango ukigongwa nakimbilia chooni, mwanaume mzima wa miaka thelathini na minne.

Mimi kwetu ni Mwanza, nipo hapa Guangzhou mwaka wa tatu, nafanya kazi kwa wakala wa mizigo pale Xiaobei, nafunga marobota ya wafanyabiashara wa nyumbani yanayokwenda Dar, na mama, kazi hii ina kusubiri kwingi, mteja anasubiri mzigo wake upimwe, gari la kontena limechelewa, watu wamekaa juu ya marobota wanapiga miayo, basi ndipo nikaanza kuwatafsiria muvi. Unazijua zile muvi za kutafsiriwa za nyumbani, jamaa anaongea juu ya sauti ya Mzungu na kuwapa waigizaji majina ya kwetu, huyu Mzee Magoti, yule Mama Chausiku, nami Kiingereza changu si haba na mdomo ninao, nikachukua sizoni moja ya Kimarekani, ya vijana wanaosomea upelelezi wa serikali kuu, wako chuoni wanafundishwa kulenga shabaha na kumsoma mtu usoni, halafu bomu linalipuka kwenye jengo la mahakama na inajulikana kwamba aliyelitega ametoka humo humo chuoni, kuanzia hapo kila mmoja anamtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Nikawa narekodi sauti kwenye simu, kipande kimoja kwa siku, natuma kwenye kundi letu la WhatsApp lenye watu zaidi ya mia mbili, na wakapenda, sikudanganyi, akina dada wanaowahi Shisanhang kununua nguo walikuwa wananisikiliza ndani ya metro, nikichelewa kutuma wananipigia.

Majina nilichukua ya kwetu sisi wenyewe ili watu wacheke. Yule msichana mkuu nikamwita Albina, dada anayetupikia wali na maharage ghorofa ya tatu, mchekeshaji nikamwita Joachim kwa sababu Joachim hakauki maneno, shujaa, nisikufiche, nikampa jina langu. Na kulikuwa na mwanafunzi mmoja mkimya, mwenye ndevu, anayetembea na begi hata akienda kula, huyo nikamwita Mbarak.

Mbarak ni mtu wa Tanga, anafuata mikoba kwa mafundi kule Shiling, anarudi na basi akiwa na mabegi ya sampuli kwenye mabega yote mawili, na tulikuwa tunakaa chumba kimoja hotelini mwaka wa pili huu. Ni mpole, anaswali, hasemi hovyo. Mwaka jana nilipougua yeye ndiye aliyenipeleka hospitali, akasimama kwenye foleni na pasipoti yangu mkononi, akanipikia uji siku nane. Nilipompa lile jina alicheka, akasema, "Leo nimekuwa askari wa Marekani, mama akisikia atafurahi."

Sasa kipande cha sita nikanogewa. Nikasema, maneno yenyewe nayakumbuka mpaka leo, "Huyu Mbarak msimwone kimya vile. Lile begi analopanda nalo lifti kila siku, mnajua ndani mna nini? Wenzake wako darasani, yeye anatega bomu." Watu wakamtania kwenye kundi, Mbarak begi lina nini, naye akajibu lina mikoba, nunueni. Tukacheka, yakaisha.

Hayakuisha, mama. Kuna mtu, simjui mpaka leo, alikata zile sekunde chache, akaondoa muziki wa mwanzo na pale ninaposema hii ni sizoni, ikabaki sauti yangu tupu, akaituma kwa wengine nao kwa wengine, na siku ya tatu, Jumatatu ya wiki iliyopita, ikarudi kwangu kutoka kwa mteja wa Zanzibar ambaye hata kwenye kundi letu hayumo, chini yake imeandikwa, "Tahadhari mlioko Guangzhou, ni Mtanzania mwenzetu, anauza mikoba." Nikajisemea itapoa yenyewe. Ilham, ambaye kila msimu alikuwa anampa Mbarak nafasi kwenye kontena lake la nguo, akamwambia safari hii limejaa, na mimi ndiye ninayelifunga lile kontena, najua halijajaa. Akiingia kwenye lifti watu wanakumbuka kitu ghorofa ya chini. Kwa Albina anakula peke yake meza ya watu sita. Jumamosi laoban wa hoteli, bosi mwenyewe, alishuka akamwambia meiyou, chumba hakuna, na chumba tulikuwa tumesimama ndani yake, ila mimi nikaambiwa nibaki.

Jumapili alirudi kuchukua blanketi lake. Akakaa kitandani akaniuliza, "Ndugu yangu, nimewakosea nini watu? Wewe unakaa nao. Hata kama ni jasho langu linanuka, niambie." Maana ile sauti imefika kila mahali isipokuwa kwake, nani atamtumia. Nikamwambia labda watu wana uchovu wa msimu. Akasema mama yake amempigia kutoka Tanga analia, hasemi kwa nini, anasema tu rudi mwanangu, na usishike begi la mtu. Amekata tiketi ya Jumamosi hii. Mikoba aliyoagiza Shiling anaiacha kwa fundi, anasema mji umemkataa.

Mama, nikisema ni mimi, sauti yangu ina neno bomu ndani yake, na hapa pasipoti zinakaguliwa, viza yangu itakuwaje, bosi wangu atanielewa vipi. Nimeshafuta vipande vyote kwenye simu, kundini nimesema sizoni imekwenda likizo. Na kuna hili ambalo sijamwambia mtu. Ile sizoni nilishaiangalia yote kabla sijaanza kuitafsiri. Yule mkimya hana kosa. Ndani ya begi mlikuwa na barua za marehemu baba yake, aliyetega ni mwalimu wao. Nilijua tangu siku ya kwanza, ila nilitaka watu wamshuku hadi kipande cha kumi ili wasiache kunisikiliza.

Je, ni vibaya nikimwacha tu aende, halafu nimsaidie kimyakimya kuituma ile mikoba yake? Nyumbani si watasahau? Nakuomba usitaje jina langu, wala la Mbarak.

Mtafsiri, Xiaobei.

*

Marahaba, Mtafsiri. Kwanza toka chooni, ukae kitako.

Nakuonea huruma kidogo, na hiyo kidogo nakupa sasa kabla sijakasirika. Hukukusudia. Kutaniana kwa majina ni kawaida yetu, mtani wako anaweza kukuzika ukiwa hai na jioni mkala pamoja. Aliyekata sauti ana dhambi yake, mwachie Mungu. Lakini mtani wa kweli anachekwa akiwa yupo na anacheka naye. Wako amehamishwa hoteli na hajui kwa nini.

Kosa lako kubwa halikuwa kipande cha sita. Lilianza ile Jumatatu sauti ilipokurudia. Maneno kumi yalitosha: jamani hiyo ni sizoni, sauti ni yangu, Mbarak ni mwema. Ungeongeza kwamba hata kwenye sizoni hana kosa, watu wangekasirika umewaharibia utamu, na mpaka leo Mbarak angekuwa kitandani kwake. Ukachagua kuwalindia watu utamu. Kisha mtu aliyekupikia uji siku nane akakuuliza kama ananuka jasho, ukamjibu ni uchovu wa msimu. Hapo niliiweka barua yako chini nikaenda kunywa maji.

Na kuna jambo nitakuuliza, usinijibu mimi, jijibu mwenyewe. Shujaa ulimpa jina lako. Kwa mtu wa kushukiwa, mwenye ndevu, kati ya watu mia mbili na zaidi ukamtafuta anayeswali. Unasema ni kwa sababu ya begi. Huko Xiaobei nani hana begi?

Unaogopa polisi. Sheria za huko sizijui na sitajifanya nazijua, kwa hiyo kabla hujaingia ofisi yoyote nenda kwa viongozi wa jumuiya yenu ya Watanzania, wanao watu wenye kuijua lugha na taratibu. Ila fikiri kidogo. Leo hii sauti hiyo ikimfikia askari, atagonga mlango wa nani? Wewe unajificha, anayetafutwa ni yeye. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na wewe unauficha wako kwa nguo ya mwenzako.

Sasa nisikilize. Leo, si kesho, nenda alipo Mbarak. Usimpigie simu, nenda. Umchezee hiyo sauti aisikie yote, kisha umwambie ni wewe, na viza yako usiitaje kabisa. Akikutukana, pokea. Akinyamaza, kaa hapo hapo mpaka aseme neno. Akishasema, mwombe ruhusa umpigie mama yake, na uongee wewe, kwa sababu yule mama amelia tangu wiki iliyopita akidhani amezaa muuaji, na hakuna mwingine anayeweza kumwambia kwamba aliyeyatoa maneno yale ni mtu aliyekuwa anatafuta kuchekesha.

Ndipo urekodi. Sauti ile ile, kundi lile lile, na uanze kwa kutaja jina lako kamili. Usitie muziki wala mzaha. Sentensi ziwe fupi na kila moja ibebe ukweli wote, ili hata mwenye mkasi wake asipate pa kukata. Umalize hadithi pia. Waambie begi lilikuwa na barua za baba yake na aliyetega ni mwalimu, utamu uharibike wote. Waombe waifikishe kule kule walikoifikisha ile ya kwanza. Baada ya hapo umwone Ilham uso kwa uso, yeye anajua nawe unajua kontena halijajaa, na kwa huyo laoban wa hoteli nenda na kiongozi wa jumuiya anayejua Kichina, umweleze mbele ya Mbarak.

Uliniuliza kama unaweza kumsaidia kimyakimya kutuma mikoba. Mikoba utaituma, hiyo ni haki yake, tena panda basi mwenyewe mpaka Shiling, uifuate kwa fundi, uifunge kwa mikono yako. Lakini kimyakimya hapana. Ulimchafua hadharani, utamsafisha hadharani. Na akiamua bado anaondoka Jumamosi, mbebee mabegi yake mpaka uwanja wa ndege, upande naye lifti, watu wawaone.

Unasema nyumbani watasahau. Hebu nikwambie kuhusu nyumbani. Hiyo sauti ninayo. Nilitumiwa Jumanne ya wiki iliyopita na mwanakwaya mwenzangu, nami kwa kuwa mdogo wangu Kissa ana binti anayefanya biashara huko Guangzhou, nikamtumia bila hata kuisikiliza mara mbili. Chini yake niliandika kwa mkono wangu, "Mwambie mtoto ajihadhari na huyo Mbarak." Mimi, ninayekaa hapa gazetini kila Alhamisi kuwafundisha watu adabu. Kama usingeandika ningeendelea kuamini hivyo, na labda mwakani ningekutana na jina hilo mahali nikavuta mkoba wangu karibu bila kukumbuka kwa nini. Sikulala vizuri. Asubuhi nimempigia Kissa nikamweleza. Akaniuliza, "Dada, na wale kumi na watatu niliowatumia mimi?" Nikamwambia awapigie mmoja mmoja. Yule mwanakwaya nimempigia mwenyewe, naye sasa anawatafuta wa kwake. Ni kazi ya aibu, mwanangu, inachosha, na inafanyika.

Majibu haya nimekutumia kwenye simu kabla ya kuyachapa, ili usiseme ulichelewa kuyasoma. Uliniomba nisitaje jina lako wala la Mbarak. La Mbarak nimeliacha kwa makusudi, kwa sababu limeshapita huku kote na uongo, sasa lipite na ukweli: Mbarak wa Tanga, mnunuzi wa mikoba, hajamtendea mtu yeyote ubaya. La kwako nimelifuta kila lilipokuwa kwenye barua. Hilo nimekuachia wewe, ulitaje kwa kinywa chako kabla ya Jumamosi.