Kaa Kwanza Kitandani

Jumanne, mvua. Kyebando nzima ni tope, na mimi naandika haya nikiwa na plasta kwenye paji la uso.

Leo asubuhi nimeanguka.

Nilimsikia Ojok akiniita, nikaruka kitandani kama kuruta, macho yakaingia giza. Nikajikuta chini, kichwa kimegonga kabati. Na Ojok tulimzika mvua za mwaka jana.

Cheka tu. Mimi pia ningecheka kama aliyeanguka angekuwa mtu mwingine.

Tulikuwa jeshini pamoja, tukastaafu pamoja, tukajenga hapa jirani kwa jirani. Kila alfajiri, anayetangulia kusimama mlangoni anamwita mwenzake. "Afande Opio, uko?" Nami sharti nijibu "Niko!" nikiwa nimesimama nje, siyo chini ya blanketi. Anayechelewa anapika chai. Wazee wazima, tena wenye wajukuu! Lakini hakuna aliyekubali kuzeeka mbele ya mwenzake.

Siku ile ya mwisho nilisikia, "Afande Opio..." Kisha kishindo. Ile "uko" haikuja. Nilimkuta kizingitini pake, nyonga imevunjika. Alipelekwa hospitali, hakurudi.

Tangu hapo ananiita vilevile, nusu. Nami naruka, maana mwili wangu bado unadhani nikiwahi nitamdaka. Sijamwambia mtu. Ningeanzaje?

"Baba Akello, na umri huo unakimbilia wapi?" mke wangu alifoka leo, huku akinifuta damu. Akaita boda, tukaenda kliniki.

Daktari, binti mpole, alinipima presha nikiwa nimelala, akanipima tena nikiwa nimesimama. Ilikuwa imeshuka sana. Akanieleza kwamba mtu akizeeka, damu inachelewa kufika kichwani anapoinuka ghafla, na dawa za presha nazo zinaweza kuzidisha hali hiyo.

"Mzee, kaa kwanza kitandani," akasema. "Chezesha miguu, pumua. Kizunguzungu kikiisha, simama ukishika kitu. Na dawa usiziache mwenyewe, tutaziangalia pamoja."

Kumbe ni hivyo tu?

Nimeumia moyoni kuliko kichwani. Ojok naye alikuwa anameza dawa za presha. Alizimeza bila kukosa, akijisifu kwamba mwanajeshi hakosi zamu. Labda aliambiwa akae, akapuuza. Labda hakuna aliyemwambia. Sitajua kamwe, na hilo linanitafuna.

Tuliporudi nyumbani nilimwambia mke wangu yote, hata ile sauti. Nilidhani atanipeleka kuombewa. Aliendelea kukoroga uji, halafu akasema, "Akikuita tena, mwambie angoje."

Eh! Ojok na kungoja, wapi na wapi!

Naiogopa kesho alfajiri, sidanganyi. Naogopa kwamba nitaruka kabla sijakumbuka, na safari hii nisiinuke.

Basi sikia, Ojok. Ukiniita, nitakujibu "Niko" nikiwa nimekaa, miguu chini, nimemshika mke wangu mkono. Chai nitapika mimi, usijali.

Laiti nawe ungekaa kidogo, ndugu yangu. Ningekungoja.