Disiki ya Mama

Kalemie, tarehe 9 Mei

Yaya Denise, dada yangu mkubwa,

Sisi tuko. Mvua imepungua, na ndagala, vile visamaki vyetu vya ziwani, zimejaa sokoni.

Ila ziwa liliingia nyumbani. Niliokoa ile disiki ya zamani ya Mama, santuri yenye nyimbo bora za jazi alizoimba mwenyewe. Ilijaa matope, basi niliiosha, nikaianika juani juu ya bati, kando ya ndagala. Kufika saa sita ilikuwa imejikunja kama bakuli.

Unajua tangu apasuliwe koo Mama hasemi tena. Sauti yake ilibaki humo tu.

Nilimupelekea. Hakulia. Aliipangusa kwa kitenge, akaijaza ndagala, akaniwekea mezani.

Yaya, nilikula zote, yeye akinitazama.

Mudogo wako,
Syntiche