Tumemupata Mama Kwenye Karte

Kambi ya Dzaleka, siku ya kwanza, Jumatatu

Yaya yangu Mapendo,

Mi mudogo wako nakusalimia kwa upendo wa Bwana. Miguu yako inaendelea namna gani? Na mihogo, mulishavuna? Huku tuko wazima, baridi tu njo inatusumbua, na cherehani yangu inapata kazi kidogo kidogo.

Yaya, kaa kwanza chini. Siku ile uliniambia kwa simu kama sura ya mama inaanza kukutoka, mi nikakuuliza mihogo. Nilikuficha. Hata mi ilikuwa inanitoka. Picha zetu zote zilibaki ndani ya nyumba siku tulikimbia Uvira. Nikajiuliza, sisi wawili tukimusahau, nani atabaki anamujua?

Sasa sikia. Unamujua Furaha, binti yangu wa kwanza. Hapa kambini hakuna mama hajamusikia, maana nimebaambia bote. Alimaliza masomo ya ordinateri, ile kompyuta, wa kwanza wa darasa, na sasa anajifunza kazi Lilongwe, kwenye maktaba moja banaweka vitabu na picha za zamani, hata za kwetu, ndani ya ordinateri. Siku ya tano, Ijumaa ile imepita, akaniita tutafute picha ya mama. Nikavaa kitenge cha Pasaka, nikapanda kabaza, baiskeli ya kubeba bantu, mpaka barabarani, nikatafuta minibasi. Mulangoni nikamwambia mulinzi, "Mi njo mama yake Furaha." Akasema kwa luga ya huku, "Zikomo, amayi," asante mama, kama mutu alikuwa ananingojea.

Furaha akaandika jina la mama ndani ya ordinateri. Hakuna kitu. Akaandika la baba. Hakuna.

"Bamama ba zamani mara nyingi habakuandikwa majina," akasema. "Tutafute kwa pahali na kwa mwaka."

Akafungua karte, ramani ya upande wetu wa ziwa. Imejaa madoa, na kila doa ni karatasi ao picha ilitoka pale. Chini kuna mustari wa miaka. Ukiusukuma, madoa mengine yanazimika, mengine yanawaka. Nikaweka kidole Uvira, maana mi nilijua pale njo mama alijifunza kushona kwa bamasista. Tukapita miaka yote. Bapadri, ngombe, daraja, tena bapadri.

"Mama, uko hakika ni Uvira?"

"We unanifundisha mama yangu?"

"Mama mukubwa Mapendo anasemaka ni muji wa Baraka, mbele bibi ahamie Uvira."

Unajua vile tumebishana juu ya ile maneno. Nikamujibu, haya, enda Baraka, utakuta patupu. Akasogeza karte. Doa moja lilikuwa linawaka. Akalibonyeza.

Bamama kumi na wawili banasimama mbele ya nyumba ya matofali, kila mumoja anashika makasi. Kumi na mumoja kwa mukono wa kuume. Mama kwa wa kushoto, amekaza mudomo vile alikuwa anatukazia sisi. Nikalia mpaka bantu ba ofisi bakaniletea maji. Nikabaonyesha bote: huyu njo mama yangu, na huyu alimutafuta njo binti yangu.

Yaya, mgongoni amebeba mutoto. Kichwa tu kinaonekana, na mukono mudogo umeshika shingo yake. Mi nikasema palepale, ni mimi. Furaha akanionyesha tu mwaka chini ya picha. Nikahesabu na vidole, nikarudilia. Nilikuwa sijazaliwa bado.

Ni wewe. Na ilikuwa Baraka. Naliandika mara moja tu, usiniombe mara ya pili.

Tangu siku ile nalala vizuri. Unisalimie shemeji, bwana yako, na magoti yake. Unisalimie mama mudogo Nyota, ule alitulea kisha mama kufa. Na yeye muite aone. Na binti yako Zawadi, Furaha amemutumia picha kwa simu. Umwambie aikuze mpaka uso ujae kioo chote. Usianze na mutoto, huyo unamujua. Anza na mama.

Mudogo wako anayekupenda,
Mama Furaha