Dirisha Katika Kipande cha Nne

Nyumbani kwa Baba,
Chumba cha kusafishia picha.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mgongo uliokuwa ukikusumbua umelegea. Wifi hajambo? Na wale mapacha, wameshaacha kugombania kila kitu? Sisi huku tu wazima, isipokuwa magoti na macho ya Mama hayamtaki tena. Ulimi wake uko palepale. Leo kanituma chumvi mara mbili, kisha kanigombeza kwa nini natokatoka.

Najua umezoea barua zangu fupi. Hii ni ndefu. Tafadhali isome umekaa.

Tangu tumzike Baba, huwa nakuja hapa kila Jumapili kuhamishia filamu zake kwenye kompyuta. Chumba chake kipo kama alivyokiacha: balbu nyekundu, kamba na vibanio, na ile harufu kali ya dawa iliyoingia ukutani ikakataa kutoka. Mara ya kwanza nilipokalia kiti chake niligeuka nyuma mara tatu. Nilihisi kuna mtu ananichunga nisiharibu kitu.

Picha ndogo hazikunisumbua. Programu ya kupanga picha ilizimeza zote, ikazipanga kwa miaka na kwa sura za watu. Kazi ikawa kwenye ile filamu kubwa ya siku ya harusi ya Baba Mdogo, ukoo mzima umesimama mbele ya nyumba. Ndiyo siku aliyotoweka dada yetu Chiriku, kwa hiyo sina haja ya kukukumbusha.

Nilitaka kila uso uonekane, nikaiskani kwa ukubwa wake wote. Programu ikaikataa. Kila nikiiweka inaleta mraba wa kijivu na maneno matatu: picha kubwa mno. Nikaipunguza, ikakubali, lakini nyuso zikawa kama punje za mchele, huwezi kumtofautisha Shangazi na Mjomba. Nilipomweleza fundi wa kompyuta wa ofisini kwetu, alinicheka.

“Dada, usiipunguze, ikate,” akasema. “Kata vipande, kila kimoja kiwe chini ya kipimo inachokubali. Acha kila kipande kiingie kidogo kwa jirani yake, usije ukapasua uso wa mtu katikati. Vipe namba, vitakaa kwa mstari.”

Jumapili iliyopita nikakata vipande kumi na viwili. Programu ikavipokea bila ubishi, ikaanza kutafuta sura. Ikamtambua Mama. Ikakutambua wewe, pembeni kulia, umeshika baiskeli. Halafu ikaniletea kipande cha nne na kuniuliza: Je, huyu ni mtu yuleyule? Upande mmoja alikuwa Chiriku na sare za shule. Upande wa pili, uso nyuma ya wavu wa dirisha la stoo.

Nikabofya hapana. Nikatoka nje kuvuta hewa, nikarudi. Ikauliza tena, safari hii ikiulinganisha uso ule na wa binti yangu. Nikakikuza kipande mpaka dirisha likajaa kwenye kioo. Ni yeye. Vidole vimeng'ang'ania wavu, mdomo uko wazi kidogo, anatazama migongo yetu sisi tuliokuwa tukiichekea kamera.

Picha iliyotundikwa sebuleni haina dirisha hilo. Baba alipoisafisha aliliona, akalikata.

Miaka ishirini na mitatu tumeambiwa kwamba Chiriku aliondoka alfajiri, na kwamba wewe ndiye uliyempeleka stendi kwa baiskeli. Uliapa kuwa ulikwenda kuchukua turubai la wageni, basi. Baba akakwambia usimwite baba tena. Sasa bahasha ya filamu ninayo mkononi, na mwandiko ni wake mwenyewe: saa saba mchana.

Nikaibeba kompyuta hadi jikoni. Mama hakuweza kuona vizuri, nikamweleza kilichomo. Sufuria ilikuwa imeanza kuungua.

“Zima jiko,” akasema. Kisha akasema, “Baba yenu alimfungia tangu jana yake. Mtoto alitaka kwenda kusomea uuguzi, yeye hataki. Ufunguo alinipa mimi. Watu walipokaa kula, nikamfungulia, akatokea mlango wa nyuma. Nilijua ataandika wiki haijaisha. Baba yenu akasema ni alfajiri, maana aliona aibu wageni wajue walikula na kucheza huku binti yumo ndani, amefungiwa.”

“Na Kaka je, Mama?”

“Nilisema kesho nitasema. Kesho ndiyo hii unayoiona.”

Alhamisi aliwaita Baba Mdogo na Shangazi, akawaambia yote akiwa amesimama, hataki kiti. Baba Mdogo alitoka bila kuaga. Shangazi ndiye aliyesema neno ambalo tangu siku hiyo linatembea nami kila ninapokwenda: kwamba tulimtafuta Chiriku kwa madereva wa mabasi ya asubuhi tu. Wa jioni hakuna aliyewauliza.

Limebaki la kwangu, Kaka. Jioni ile Baba aliniita mbele ya watu akaniuliza, “Ulimwona kaka yako akimpakia dada yako, sivyo?” Nilikuwa na miaka kumi. Nilichokiona ni wewe, na turubai lililokunjwa nyuma ya baiskeli. Nikasema, “Ndiyo, nilimwona.” Ulinitazama. Kisha ukainama, ukanifunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefunguka, ukaenda kupanga nguo zako.

Sikulazimishi kuja, wala kunijibu upesi. Mama amekwisha kuandaa chumba chako, nami sikumkataza.

Msalimie sana wifi, na mapacha waambie shangazi yao anawabusu. Shangazi yetu anakusalimu. Baba Mdogo naye alirudi jana, akasema nikuandikie salamu zake, akashindwa kumalizia. Mungu akutunze huko uliko, akuondolee uchungu tuliokutwika, na amtunze pia yule tusiyejua yuko wapi.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, niliyekusingizia,

Kitinda Mimba