Mashine ya Chumba cha Mama Yako

Baba watoto,

Usiwashe kiyoyozi cha mama yako kabla ya saa nane. Mashine ya nje bado inakauka.

Alfajiri nilimkuta amelala kwenye sakafu ya bafu, anatafuta ubaridi. "Usimwamshe mwanangu, amechoka," akaniambia. Basi nikazima umeme, nikaifungua mashine mwenyewe. Vumbi lilikuwa limeganda kwenye vile vibati vyembamba vya nyuma kama blanketi. Mwaka mzima unasema utaiosha! Nimevisugua kwa brashi laini, nikasuuza kwa maji ya taratibu.

~~Sitaki hata kukuona leo.~~ Chai iko kwenye chupa.

Tumekwenda zahanati kumpima presha. Anatembea mwenyewe, usihangaike. Mashine ya sebuleni utaiosha wewe kabla hatujarudi. Zima umeme kwanza, nakuhitaji mzima.

Mama watoto